Gredi ni ya Mtoto, Simu ni Yangu

Kila Januari matokeo ya KCSE yakitangazwa, nchi nzima husherehekea au huomboleza. Mimi huweka simu kwenye chaja, maana najua wanakuja.

Wanakuja na karatasi za matokeo zilizokunjwa mara nne, zimehifadhiwa ndani ya Biblia au katikati ya risiti za kituo cha majani ya chai. Wanaketi. Wanapewa chai. Huku Bureti, Kericho, mgeni haelezi shida kabla ya kikombe cha kwanza, hata kama shida ni yake na chai ni yangu. Kisha karatasi inakunjuliwa juu ya meza na swali linakuja kwa sauti ya mtu aliyempeleka mgonjwa kwa daktari: “Mwalimu, hii inaingia?”

Mimi si mwalimu. Sijawahi kushika chaki. Nilivaa miwani mapema kuliko rika langu na nikawahi kuwa karani katika ofisi yenye kompyuta, basi ukoo mzima ukaamua kwamba mambo ya mtandao ni yangu. Watu wa Nairobi hudhani kuingia chuo kikuu ni habari ya mtoto na gredi yake. Waje wakae sebuleni kwangu wiki moja. Gredi hufungua mazungumzo tu. Baada ya hapo kinachotafutwa ni nani katika familia ana simu isiyoganda, bando, na subira ya kusoma maagizo hadi mwisho.

Zamani kazi hii haikuwepo. Enzi za ile bodi ya pamoja ya udahili, JAB, mtoto wa kidato cha nne alijaza fomu shuleni kabla hajaonana na karatasi ya mtihani, na matokeo yakitoka habari zilikuwa mbili tu: ameitwa au hakuitwa. Mwenye C+ alikuwa amefuzu, lakini kufuzu na kuitwa ni mambo mawili, kwa sababu bodi ilihesabu vitanda. Ndiyo, vitanda vya mabweni. Waliozidi vitanda walibaki nyumbani na C+ zao, na hata walioitwa walichuma chai karibu miaka miwili kabla ya kuliona lango la chuo. Halafu mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo ya “parallel” kwa wanaojilipia, vyuo vingine vikafuata, na ghafla ikajulikana kwamba kitanda hakikuwa tatizo kubwa hivyo. Mzee akiuza ng'ombe wawili, nafasi ilionekana.

Parallel ilinoga hadi mwaka 2016. Mwaka uliotangulia watahiniwa 169,492 walikuwa wamepata C+ kwenda juu. Waziri Fred Matiang'i akawabana wezi wa mitihani na idadi hiyo ikaanguka hadi 88,929. Wenye A wakatoka 2,685 hadi 141. Waliofuzu wakatosha nafasi za serikali, wengine wakapelekwa vyuo vya kibinafsi kwa gharama ya umma, na parallel ikakosa wateja. Mpaka leo kijijini kwetu mtu wa B ya 2016 humtazama mtu wa A ya 2015 kwa jicho fulani, hasa kwenye harusi.

Siku hizi mwenye kazi ni KUCCPS, chombo kilicholetwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na mtoto huchagua kozi mwenyewe baada ya kuyaona matokeo. Mwenyewe maana yake mimi.

Chukua binti ya dada yangu. Ana B, na anataka kusomea sheria kwa sababu kanisani aliwahi kumjibu mchungaji na watu wakacheka. Sheria inataka wastani wa C+ na B kamili ya Kiingereza au Kiswahili. Yeye lugha zote mbili amepata B-. Shemeji yangu akaishika karatasi, akaitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali.

“B na B- si ndugu?”

“Ni ndugu, shemeji, lakini hawarithi shamba moja.”

“Hako kamstari si ni kalamu tu iliteleza?”

Nikajaribu kumweleza pointi za klasta. Binti ana pointi zake za masomo saba, ambazo zikijaa ni 84. Kila kozi nayo ina masomo manne inayoyapenda, ambayo yakijaa ni 48. Vyote vinachanganywa katika hesabu yenye kipeuo cha pili, na kinachotoka ndicho kinachoshindana na watoto wa nchi nzima. Shemeji alinikodolea macho mpaka nilipomwambia ni kama kilo za kituoni: ulichobeba mgongoni ni kimoja, kilichoandikwa ni kingine. Hapo akaelewa papo hapo, na hasira ikampanda papo hapo.

Kuna wanaopunguziwa. Jinsia iliyo chache katika kozi hupewa nafuu kidogo, wenye ulemavu hufikiriwa, na watoto wa maeneo yaliyoachwa nyuma vilevile. Jirani mmoja aliposikia hayo akaniuliza kama Bureti haiwezi kuachwa nyuma kidogo, mwezi huu tu. Nikamwonyesha dirisha. Mvua ya alasiri imefika kwa saa yake, kijani kimeenda mpaka macho yachoke, lami inang'aa kuelekea Sotik. Nani atatuamini?

Mwenye C- hunipa kazi ndogo: diploma, nami humtajia Sot kule Bomet na taasisi nyingine za ufundi. Tatizo ni mama yake, ambaye ameshawaambia wanawake wa chama kwamba kijana anakwenda “yunivasiti”. Nikimwambia kwamba kwa diploma nzuri kijana anaweza baadaye kuomba digrii, ananitazama kana kwamba nimemtolea posa ya mzee. Mtoto wa meneja wa shamba kubwa, aliyesoma mitaala ya Uingereza, haji kwangu kabisa. Cheti chake kinahitaji kulinganishwa na KCSE, lakini baba yake ana mtu wa kumfuatilia hilo. Mtu wao analipwa.

Lakini uchaguzi wa kozi ni utangulizi. Kilio chenyewe ni pesa.

Tangu mwaka 2023 mtoto akishapata chuo huomba ufadhili kwa ombi jingine, kwenye tovuti nyingine, kwa nywila nyingine ambayo ataisahau na kuja kuniuliza mimi. Familia hupimwa uwezo wake, na tangu 2024 huwekwa katika moja ya makundi matano. Kundi la kwanza hupata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, na nyumbani hutoa 5. Kundi la tano hupata ufadhili 30, mkopo 30, na nyumbani hutoa 40. Aliyechagua chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, ufadhili hapati.

Sasa nimeketi na mume na mke, nauliza mapato ya mwezi. Mwezi gani? Wa mvua nyingi, wa mvua ya mawe, au ule ambao mbolea imekatwa na karatasi ya malipo imerudi kama salamu tu? Mzee ni mkulima wa chai, na mkulima wa chai ni tajiri kwa namna ya pekee: ana ekari, ana ng'ombe, ana jina katika kiwanda, ila mfukoni hana kitu hadi bonasi. Bonasi yenyewe, wenzetu wa Murang'a na Kirinyaga hupata nono kuliko sisi wa Kericho na Bomet, jambo linalotukera kila mwaka. Tena huja yapata Oktoba, wakati chuo kimeshataka fungu la familia mwanzoni mwa muhula, Septemba.

“Andika nina ng'ombe sita,” mzee akasema, kifua mbele.

“Andika mmoja,” mama akanong'ona.

“Mama, mmoja vipi, mbona mimi huwapita watano pale getini kwenu?”

“Hao ni wa mama mkwe.”

Mzee akakasirika. Alikuwa amesimama kwenye harambee mbele ya chifu akatangaza mchango wake kwa sauti. Leo anaambiwa aandikwe maskini na mtu wa miwani. Karo ya sekondari je, nani alilipa? Mama akasema basari ya kaunti. Mzee akasema yeye. Ilibidi nitoke nje kidogo nikakague maparachichi yangu.

Mwaka 2024 wanafunzi waliandamana kwamba wamewekwa katika makundi yasiyo yao, na Desemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango wote unakiuka Katiba. Nilimsomea mzee habari hiyo nikidhani nampa nafuu.

“Kwa hiyo karo hakuna tena?”

“Karo ipo, mzee. Kesi imekwenda rufaa.”

“Basi andika ng'ombe wanne, tukutane katikati.”

Wa mwisho wiki hiyo alikuwa mzee mwenyewe wa kituo chetu cha majani, mtu wa mizani, mstaafu mtarajiwa. Alitoa cheti cha KACE, ule mtihani wa kidato cha sita uliofanywa mara ya mwisho mwaka 1989, chenye “principal” mbili safi. Kwa principal mbili mtu alikuwa amefuzu chuo kikuu. Yeye hakuitwa. Vitanda. Sasa anataka kusoma Chuo Kikuu cha Kabianga, karibu na nyumbani, awe anarudi kukamua jioni. Nikamweleza kwamba KUCCPS hupanga watoto wa KCSE. Mtu wa cheti chake hupeleka ombi chuoni moja kwa moja na kujilipia. Akasema hilo ndilo analotaka: nimpelekee ombi moja kwa moja, usiku huu, na nisimwambie mtu, kwa sababu mjukuu wake ameomba kozi ileile.

Bando lilikuwa limeisha. Betri nayo ilikuwa ukingoni. Nikamshauri kwa heshima zote kwamba Litein kuna saiba yenye kijana mwerevu, kompyuta nyingi na printa.

Akamaliza kikombe chake, akakisogeza ajaziwe tena, akasema Litein wanatoza.