Nasaba za Roboti za Sarakasi: Uainishaji kwa Kigezo cha Kutua

Wanazuoni waliotutangulia wamezigawa roboti kwa idadi ya miguu, kwa aina ya mota, au kwa unene wa mfuko wa mfadhili. Taaluma yetu ya usarakasi wa mashine, ambayo hadi tunapoandika ina mwanachama mmoja, inapendekeza kigezo kingine: roboti ikisharuka, inatua wapi, na nani anaidaka?

Kigezo hiki kina msingi. Mwili ukishaachana na ardhi, momentamu yake ya mzunguko haiongezeki wala haipungui, uwe mwili wa mwanajimnastiki Simone Biles au wa chuma. Kinachobaki ni kujikunja ili uzunguke upesi, au kujinyoosha ili upunguze kasi. Kwa hiyo huko hewani hakuna la kujivunia sana. Hata embe lililorushwa hupaa vizuri. Hesabu hupigwa kabla miguu haijanyanyuka, na deni hudaiwa chini.

Nasaba ya kwanza ni Waning'iniaji, wasiotua kabisa. Mkuu wao ni Acrobot: vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa kwa kiungo chenye mota, mahali pa kiuno. Juu, pale ambapo mwanajimnastiki hushika upau, hakuna mota yoyote. Mwaka 1995 Mark Spong alichapisha njia ya kuipandisha hadi isimame wima juu ya upau: inakunja kiuno kwa wakati wake, inabembea zaidi, inakunja tena, mpaka inafika kileleni. Hii ni jimnastiki halisi, kwani viganja vya binadamu navyo haviwezi kuusokota upau hadi mwili upande. Tena Acrobot ina adabu: haijawahi kuvunjika mguu.

Nasaba ya pili ni Watupwao. Mwaka 2018 watafiti wa Disney walionyesha Stickman, mwili wa vipande vitatu usio na kichwa wala mikono, ulioachiwa kutoka kwenye kamba inayobembea, ukapiga samasoti na kuangukia godoro. Mjukuu wake ni Spider-Man wa bustani ya Disney huko California, aliyeanza kazi mwaka 2021. Roboti hurushwa juu ya paa, huzunguka, kisha hupotea nyuma ya jengo ambako wavu unaisubiri. Baada ya hapo hujitokeza mtu wa damu na nyama, mwenye vazi lile lile, kupokea makofi. Mgawanyo wa kazi ulio bayana zaidi ya huu hatujauona: mashine inabeba hatari, binadamu anabeba sifa.

Nasaba ya tatu, Wasio na Mwili, ndiyo inayotukosesha usingizi. Mwaka 2018 Xue Bin Peng na wenzake walitoa DeepMimic, ambamo kiumbe wa kompyuta hupewa rekodi ya mtu akipiga samasoti, kisha hutuzwa kadiri anavyofanana nayo. Siri ni kwamba mazoezi hayaanzii sakafuni tu. Mwanafunzi anaweza kuwekwa katikati ya samasoti, hewani, kichwa chini, aambiwe aendelee. Kocha wa watoto akijaribu hivyo ataitiwa polisi. Na kiwiliwili kikigusa sakafu, jaribio hukatwa na kuanza upya, bila bandeji wala machozi. Roboti nyingi za leo husomea shule ya namna hii kabla ya kukabidhiwa mwili.

Mwisho kuna Watuao kwa Miguu. Babu yao ni roboti ya Jessica Hodgins na Marc Raibert, ambayo makala yao ya 1990 inaeleza ilivyopiga samasoti huku ikikimbia, ila ilifungwa kwenye boriti isianguke ubavu. Raibert ndiye aliyeanzisha Boston Dynamics mwaka 1992, na Atlas ya kampuni hiyo ikapiga samasoti ya nyuma mwaka 2017 bila boriti. Mini Cheetah ya MIT nayo iliipiga mwaka 2019, lakini ina miguu minne, kwa hiyo tunaihesabu nusu. Atlas ya haidroliki ilipostaafishwa mwaka 2024, kampuni ilitoa video ya kuaga iliyojaa mieleka na mafuta yakimwagika. Kwetu sisi hiyo ndiyo video yake bora.

Linabaki suala la alama. Katika jimnastiki, hatua ndogo ya kuyumba hugharimu 0.1, kuanguka 1.0. Huko Antwerp mwaka 2023, Biles aliruka mruko uliokuja kupewa jina lake, akatua kwa miguu, na bado alikatwa 0.5 kwa sababu kocha wake alisimama karibu ili amdake akiteleza. Maabara za roboti zina winchi, kamba, na wahandisi walionyoosha mikono. Tunawaomba watengenezaji wazionyeshe kamba hizo kwenye video zao, pamoja na majaribio yaliyoanguka, na majaji wakate 0.5 kwa kila kamba.