Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mfumo

Kwa: Mheshimiwa Mfumo wa Kidijitali wa Afya, popote mitambo yako ilipo
Nakala: Wizara ya Afya, Afya House, magavana wote 47, yeyote anayejua nywila

Mheshimiwa,

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu wote niliodhani ni wakubwa wako, kumbe wanakutii. Waziri akiulizwa kwa nini mgonjwa amerudishwa nyumbani, husema Mfumo unaimarishwa. Gavana naye husema pesa hazijateremka kutoka kwa Mfumo. Karani wa mapokezi, ambaye ndiye serikali pekee ambayo wengi wetu tutawahi kukutana nayo uso kwa uso, hutugeuzia skrini kidogo tulione duara linalozunguka, kisha hutamka: "Sistimu iko chini." Watu wakaketi. Mkenya hubishana na polisi, hubishana na makanga na refa, hata na mchungaji akilewa. Ila na wewe habishani.

Kwanza, pongezi zilizochelewa. Tangu utawazwe rasmi tarehe 1 Oktoba 2024, siku Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya mfuko wa bima ya hospitali, NHIF, hakuna kiongozi aliyetajwa hospitalini mara nyingi kuliko wewe. Mzee NHIF alizaliwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1966 na alipoondoka hatukumlilia sana. Alikuwa amenenepa, na kila mtu alijua alikuwa akila na nani. Lakini mzee alikuwa na jambo moja: bei yake ilieleweka. Asiye na mwajiri alitoa shilingi 500 kwa mwezi, na mwenye mshahara, hata angekuwa mnono vipi, hakupita 1,700.

Chini ya utawala mpya, mwenye mshahara hutoa asilimia 2.75 ya jumla ya mapato yake bila kikomo, na hakuna atakayetoa chini ya 300 kwa mwezi. Mimi si mchoyo. Tajiri kulipa zaidi ni haki, na nilitaka kupiga makofi. Kisha nikafika kwa mama mboga. Yeye hana hati ya mshahara, kwa hiyo ilibidi aulizwe maswali: nyumba yake imeezekwa kwa nini, sakafu ni ya nini, anapikia nini, choo ni cha aina gani, ana mifugo mingapi. Akimaliza kujieleza unapiga hesabu zako na kumpa jibu, na jibu hilo alilipe la mwaka mzima kwa mkupuo. Mama huyu hununua sukumawiki alfajiri kwa pesa za nyanya alizouza jana jioni. Mwaka mzima ataukamatia wapi?

Serikali ililiona tatizo, nakiri, ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambapo mama anakopeshwa mchango wa mwaka halafu anaulipa kidogo kidogo. Sasa anakopa ili apate bima, na bima aliambiwa ni ya kumwepusha na kukopa. Wachumi wa Afya House watanisaidia hapo. Mimi hesabu ilinishinda kidato cha pili.

Usidhani nimesahau kwamba nusura uondolewe kabla hujaketi vizuri. Julai 2024, majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema sheria zilizokuzaa zinakiuka Katiba, kwa sababu, pamoja na mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba, Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na siku chache baadaye wewe ukaanza kazi. Tangu hapo siasa zako zimekuwa za matanga. Upande wa serikali hupanda jukwaani kutangaza waliosajiliwa, ambao wamepita milioni 20, kwa sauti ya mtu anayesoma matokeo ya kura. Upande wa pili huuliza wanaolipa ni wangapi, na hapo kipaza sauti huharibika. Wabunge wa pande zote mbili husikiliza mjadala huu kwa uchungu mkubwa, wakiwa na mpango wao wa matibabu usiohusiana na foleni hii.

Na majina ya mipango! Desemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindua mpango wa Afya kwa Wote mjini Kisumu, ukajaribiwa huko na Nyeri, Isiolo na Machakos. Rais William Ruto akaja na wake. Linda Mama, iliyowalipia akina mama wajawazito, ikawa Linda Jamii. Hospitali ni ile ile, kitanda ni kile kile, na wakati mwingine hata shuka. Kinachobadilika ni bango la langoni, na nadhani mchora mabango ndiye mhudumu wa afya mwenye uhakika wa kazi kuliko wote nchini.

Hapo ndipo penye shida yangu, Mheshimiwa. Kazi.

Tuseme ni Jumatatu asubuhi katika hospitali yoyote ya kaunti. Nyanya amefika na kitambulisho chake ndani ya karatasi ya plastiki. Nambari ya siri imetumwa kwa simu, anaambiwa. Simu iliyosajiliwa ni ya mjukuu, mjukuu yuko mjengoni Nairobi, na simu imezimwa. "Basi weka kidole, shosho." Kidole kinawekwa. Kinapanguswa kwa pindo la leso, kinawekwa tena. Miaka arobaini ya kuchuma majani chai imekilainisha kama kijiko, na mashine haioni mtu pale. Karani anamwomba asubiri. Saa nne zinapita. Kisha anatoka sista wa zamu, anamwona kope zimelegea, anamfunga kifaa cha kupimia presha pale pale kwenye benchi, anasoma, anakunja uso, na kuandika tarakimu kwenye kipande cha boksi la glavu kwa sababu faili haliwezi kufunguliwa bila wewe. Anamwita mwenzake. Wanamwingiza ndani.

Umemkataa nyanya, sista amemkubali. Sasa niulize: kati yenu wawili, nani ana mkataba mzuri?

Mwaka 2020, korona ilipoingia, serikali iliajiri maelfu ya wauguzi, maafisa wa kliniki, wataalamu wa maabara na wengine chini ya mpango wa Afya kwa Wote, ikawapeleka kaunti. Walipewa mikataba ya miaka mitatu na malipo yaliyokuwa chini ya yale ya wenzao wa kudumu, ingawa usiku walivaa glavu za boksi moja. Mikataba ilipokwisha ikaongezwa kwa muda mfupi mfupi, kiasi cha mtu kutojua kama anunue kitanda au aendelee na godoro. Mwaka 2025 walikuwa wamebaki zaidi ya 7,000, wakaja Nairobi, wakapiga kambi nje ya Afya House wakidai ajira ya kudumu. Serikali kuu ikawaambia afya ni ya kaunti, Katiba ya 2010 imesema. Magavana wakajibu kwamba Katiba wanaijua, pesa ndizo hawazijui. Kwa hiyo hakuna aliyemfuta mtu kazi. Muuguzi aliamka tu asubuhi na kukuta hana mwajiri, na waliomkana walikuwa wawili.

Wafanyakazi wa NHIF nao walipata heshima yao. Sheria iliyomzika mzee ilisema SHA itaajiri kwa ushindani, nao wanaweza kuomba kama mtu mwingine yeyote. Atakayekosa ahamishiwe kwingine katika utumishi wa umma au astaafu. Fikiria umekaa kwenye meza yako miaka kumi na tano, kisha unaambiwa uandike barua ya kuiomba.

Na madaktari wanagenzi? Mkataba wa 2017 uliwapa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema hazina ni tupu, iliyopo ni 70,000. Madaktari wakagoma siku 56, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Katika siku hizo wagonjwa waliosikia hotuba za uchumi mgumu walikuwa wengi kuliko waliosikia baridi ya stethoskopu kifuani. Desemba serikali ikatia sahihi kwamba itawalipa kulingana na mkataba wa 2017, yaani ikafika ilipokuwa tangu mwanzo, ila imechoka.

Katika mwaka huo huo wa hazina tupu, wewe ulipatikana. Shilingi bilioni 104. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, alipochungulia, akaripoti kwamba wewe si mali ya serikali, serikali haikudhibiti, na namna ulivyonunuliwa haikufuata ushindani unaotakiwa. Serikali ikajibu kwamba hakuna pesa iliyotolewa mwanzoni. Unalipwa kadiri unavyotumika, kwa miaka kumi. Jibu hilo nimelitafakari sana, na naliona zuri. Hivyo ndivyo na nesi anavyotaka kulipwa: kadiri anavyotumika.

Sitaki udhani nakuchukia. Daftari la zamani lilikuwa na wezi wake pia, na wewe umewaumbua baadhi yao: wizara imezifungia hospitali kadhaa ikidai zililipisha matibabu ambayo hayakufanyika. Kazi nzuri. Kompyuta ni lazima, foleni za karatasi tumezila miaka yote. Ila unahesabu wagonjwa, unahesabu madai, unahesabu michango, na sijasikia hata siku moja ukipiga kelele kwamba wodi ya akina mama usiku ina muuguzi mmoja. Hilo nalo ni tarakimu. Moja. Halihitaji nambari ya siri.

Ombi langu ni dogo. Wape wahudumu wa Afya kwa Wote nakala ya mkataba wako. Miaka kumi, malipo kwa kila huduma, na ukipotea saa tatu asubuhi huku watu mia wamekusubiri, hakuna anayekuandikia barua ya kujieleza. Tutafuta jina lako, tutaandika "muuguzi", tutaupeleka Afya House ukapigwe mhuri. Kikipatikana kipengele kisichomfaa binadamu tutakiondoa. Nadhani ni kile cha kupotea saa tatu.

Wako ukiwa juu na ukiwa chini,

Mwanachama mmoja kati ya wale milioni 20