Mhadhara Adhimu Kuhusu Ukurasa wa Yaliyomo

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, na ninyi mlioingia kwa ajili ya chai na sambusa: anayesimama mbele yenu ni bingwa wa kurasa za yaliyomo katika majarida. Cheo hiki sikutunukiwa na chuo chochote. Nilijitunuku mwenyewe baada ya kukosa mshindani.

Watu wa kawaida hudhani ukurasa huu umewekwa ili msomaji apate anachokitafuta. Astaghfirullah! Tazameni Reader's Digest: kwa miongo mingi lilianika orodha ya makala juu ya jalada, mchana kweupe, mpaka 1998 lilipopata akili likaificha ndani. Adabu ilikuwa kwa The New Yorker. Lilianza 1925, likakaa zaidi ya miaka arobaini bila orodha kamili. Ulitaka kujua nani kaandika? Soma mpaka mwisho, jina lilikuwa chini kule. Mwaka 1969 wakalegea, wakaweka orodha. Sijawasamehe.

Walioelewa usanifu ni wa majarida ya mitindo. Kwao, yaliyomo hutanguliwa na manukato, saa, mikoba na binti aliyelala jangwani kwa gauni la harusi. Toleo la Vogue ya Marekani la Septemba 2007 lilikuwa na kurasa 840. Fikirini raha ya msako! Na ukiyapata, hujayapata yote: kipande hapa, matangazo, kipande kingine mbele. Mkabala wake pia ni tangazo, na mwenye tangazo hulipia nafasi hiyo kwa hiari, maana anajua hapo lazima ukwame.

Sasa sikilizeni kwa makini. Namba ya ukurasa, tuseme 86, ibandikwe kwa wino mweupe kwenye shavu la mwanamuziki, ambalo nalo ni jeupe. Jaladani habari iitwe "Siri ya Ngozi Laini". Ndani iitwe "Umande", basi. Msomaji akifunua, akute 71, kisha matangazo yasiyo na namba, kisha matangazo tena, kisha ghafla 94. Arudi nyuma, alambe kidole, aanze upya. Hapo mwanafunzi wangu amefuzu.

Wapo wahariri wanaopanga vichwa kushoto, namba kulia na nukta katikati. Msiwaige, watawazoesha watu kusoma.

Maswali yenu nimeyajibu yote katika kijitabu mlichopewa mlangoni. Kurasa zake hazina namba.