Uchakavu kwa Uchakavu

Serikali yetu haifichi kitu. Ukiagiza Japani gari lililozidi miaka 10, pale bandari ya Dar es Salaam unaongezewa ushuru wa uchakavu, asilimia 30, na jina lake linatajwa bila haya. Tunalipa, tunaliendesha gari hadi Musoma tukipiga honi kila senta kuanzia Lamadi, kisha tunashangaa siku linapochakaa.

La kwangu ni otomatiki, na otomatiki lina tabia ya kisirisiri. Gari la gia za mkono likichoka linapiga kelele, mtaa mzima unajua. Hili langu lilianza kwa kususa. Unaweka D, linatafakari kwanza. Siku moja tunatoka Bunda kurudi Musoma, shemeji mbele, mama mkwe nyuma na gunia lake la udaga, injini ikanguruma, mshale wa mizunguko ukavuka 4,000, na gari lenyewe halina habari. Kijana wa baiskeli mwenye madumu ya maziwa akatupita, akapunguza mwendo, akampa mama mkwe shikamoo kupitia dirishani, akaenda zake. Mama mkwe akaitikia marahaba huku akiniangalia mimi.

Kuanzia hapo nikagundua kwamba mkoa wa Mara una madaktari wengi wa giaboksi kuliko wagonjwa. Dereva wa mchomoko, yale magari madogo ya abiria ya mji kwa mji, alinikataza kata kata kumwaga oili ya zamani: "Hiyo nyeusi ndiyo inayolishikilia, mura. Ukiweka mpya, imekula kwako." Jirani akanishauri niwe naligonga kidogo kwa chini. Butiama, alikolala Mwalimu, ushauri wa huko una itikadi kabisa. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa: "Tulifundishwa kujitegemea, mwanangu. Wewe mpaka gia unachaguliwa?"

Lakini kwenye duka la spea ndiko nilikochoka. Nilikwenda na karatasi ya fundi: seti ya sili, sahani za klachi, chujio. Muuzaji hakuigusa.

"Mzee, boksi zima lipo. Limeshuka na kontena juzi tu."

"Nataka sili."

"Sili nani ananunua? Chukua boksi, toa hilo, weka hili, jioni uko barabarani."

"Hilo boksi lenyewe ni zima?"

"Limetoka Japani!" akasema, kana kwamba Japani hakuna kinachokufa.

Bei yake ilikuwa ng'ombe watatu, na sisemi ndama. Yaani nitoe boksi lililochoka ambalo ugonjwa wake naujua, ninunue lililochoka ambalo ugonjwa wake litanitajia barabara ya Makutano usiku wa manane. Na hivi ndivyo tunavyoishi. Kipete cha mpira cha elfu chache, yaani hiyo sili, hakipatikani mji mzima, ila chuma kizima cha kubebwa na wanaume wawili kimejaa hadi kwenye baraza la duka.

Fundi wangu, Mungu amweke, ni mtu wa kufungua. Aliliweka boksi juu ya gunia, akafungua bakuli la chini. Mle ndani kuna visumaku vinavyokamata unga wa chuma. Vyangu vilikuwa vimevimba kwa tope la kijivu. Kisha akatoa sahani moja moja: ya chuma, yenye ngozi ya kahawia, ya chuma, yenye ngozi. Nikauliza ile ngozi ni nini.

"Karatasi."

Nilidhani ananitania. Kweli ni karatasi, ya nyuzi ngumu zilizoloweshwa gundi. Oili inasukumwa kwa nguvu, inazibana zile sahani, gari linakwenda. Vipete vya mpira vikikakamaa kwa joto la miaka, msukumo unavuja. Sahani zinateleza badala ya kushikana, zinaungua, majivu yake yanaziba vijitundu vya valvu. Mama mkwe, shemeji na gunia zima la udaga, wote tulikuwa tumeikalia karatasi, na ilishaungua hadi chuma kinaonekana.

Hata hao waliotutangulia kwenye otomatiki hawakupata mteremko. General Motors walianza kuuza Oldsmobile za otomatiki kwa wingi mwaka 1939, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 oili ya magari hayo huko Marekani ilitiwa mafuta ya nyangumi ili sahani zisishtuke zikishikana. Mafuta ya nyangumi yalipopigwa marufuku, wakemia wakahangaika kutafuta mbadala. Sisi Musoma tuna ziwa zima, lakini nimeuliza mwaloni Mwigobero, sangara hawafai.

Vifaa vikaja kwa basi kutoka Kariakoo, katika kiboksi ambacho konda alikishika kwa mkono mmoja akaniuliza kama ni dawa. Pamoja na ufundi na oili mpya, ng'ombe mmoja alitosha na chenji ya kuku ikabaki. Sasa ukiweka D, gari linaitika kabla hujatoa mkono. Nimelipandisha mlima Balili na abiria wote, na hakuna baiskeli iliyotusalimia.

Nilipokwenda kumalizia deni la fundi nikakuta zile sahani zangu zilizoungua zimepanguswa, zimefungwa kwa waya vizuri.

"Mzee, hizi unazichukua?"

"Nizipeleke wapi?"

"Basi kuna mteja. Za kwake zimekwisha kabisa, hizi zako bado zina miezi kadhaa. Ameshatanguliza nusu."

Nikamwomba anitajie gari lenyewe, nijue la kulikwepa barabarani.

"Ni mchomoko wa Bunda, unapakia pale Bweri," akasema akifuta mikono. "Siku lako likisusa tena, si utapanda huo huo?"