Trela Haijui Kusimama

Trela isiyo na breki haisimami, husimamishwa. Juzi, mteremkoni karibu na Bweremana, pikapu nyepesi iliyotoka Sake ilifunga breki kumpisha mbuzi, lakini trela yake iliyojaa makabichi ikaendelea na safari. Iliusukuma mkia wa pikapu pembeni, ikalizungusha gari zima, na dereva akajikuta ameelekea Sake, mbele ya akina mama wa sokoni waliomwuliza kwa upole: "Papa, umesahau nini?" Mbuzi alivuka salama.

Hapo hakuna uchawi, ni hesabu. Breki za pikapu hutengenezwa kwa ajili ya pikapu na mzigo wake. Tani moja iliyotundikwa nyuma huja na nguvu zake, nazo hupanda haraka kuliko mwendo: kutoka kilomita 30 kwa saa hadi 60, huwa mara 4. Zote hupitia kwenye ndoano moja. Barabara ikinyooka, msukumo hufika mgongoni mwa dereva, akaelewa. Penye kona husukuma upande, gari na trela vikakunjana. Isitoshe, breki zikishika, uzito wa pikapu hukimbilia mbele, na matairi ya nyuma hubaki mepesi saa ile ile yanapotakiwa kung'ang'ania barabara.

Dawa ipo, na inapendeza kuitazama ikifanya kazi: breki ya msukumo. Mkono wa trela huachiwa nafasi ya kurudi nyuma kidogo. Gari likipunguza mwendo, trela huja mbele, mkono hubonyea, huvuta waya, na waya hubana magurudumu ya trela yenyewe. Kadiri inavyosukuma ndivyo inavyojikaba. Ulaya, trela isiyo na breki hairuhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo.

Ile ya makabichi haiko peke yake: trela nyingine ilichomoka ikaingia migombani. Nyingine iliegeshwa bila jiwe la kuzuia gurudumu, ikaondoka peke yake.

Wala breki si anasa ya Ulaya: chukudu, chombo cha mbao cha kubebea mizigo kisicho hata na pedali, kina kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma cha kukanyagia kikishuka na magunia. Seremala alilifikiria hilo. Mchomeleaji wa trela ya chuma hakulifikiria. Nao wanaosimamisha magari njiani hupekua makaratasi, huhesabu abiria, hupokea chao. Hakuna anayeinama kuutazama mkono wa trela.

Anayelazimika kukokota trela isiyo na breki apakie mzigo mzito mbele kidogo ya ekseli, aingize gia ndogo kabla mteremko haujaanza, na konvoyeri, msaidizi wake, asiachie jiwe lake.