Ampu Iliyosoma Bei ya Mbuzi

Isiolo kila mtu ni fundi. Pindua baiskeli kando ya barabara, utapata washauri wawili. Fungua ampu ya gitaa ya miaka ya sitini barazani kwako Bula Pesa, utapata kamati nzima, mwenyekiti akiwemo, na kila mjumbe amekuja na bisibisi yake.

Ampu yenyewe ni Vox AC30, kazi ya kampuni ya Tom Jennings kule Dartford, Uingereza. Mbunifu wake, Dick Denney, aliiongezea nguvu ile ndogo ya AC15 kwa sababu wapiga gitaa wa bendi ya The Shadows walikuwa wakimezwa na kelele za mashabiki. Ikawa wati 30, spika mbili za inchi 12, na uzito wa zaidi ya kilo 30. Mwenye bodaboda aliitazama mara moja tu, akasema, "Bosi, hii tafuta mkokoteni."

Mjomba aliiacha stoo. Ni mtu wa enzi zile mwanamuziki Daudi Kabaka alipotamba na twisti, hadi kundi la Uingereza, The Tremeloes, likarekodi Helule Helule yake mwaka 1968. Kwa hesabu ya mjomba, Waingereza walileta ampu, wakaondoka na wimbo, hakuna anayemdai mwenzake.

Nyuma ya ubao nilikuta vumbi la tangu kabla lami haijafika Moyale, na mjusi aliyenitazama kama mpangaji anayetaka notisi ya mwezi mmoja. Kabla ya yote niliitangazia kamati kwamba hakuna kugusa. Ndani ya ampu inayotumia taa za vioo kukuza sauti mna kapasita kubwa za kutuliza umeme, na hizo huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata plagi ikiwa mkononi mwako. Sharti umeme huo uondolewe polepole kwa kupitishwa kwenye rezista.

"Si umeichomoa baada ya kuijaribu?" binamu yangu akauliza, na bisibisi yake ikawa imeshaingia.

Ulisikika mlio wa bunduki. Cheche ziliruka, mbuzi wa jirani wakakata kamba, na ncha ya bisibisi ikabaki na pengo. Mkono wa binamu ulisalimika kwa kuwa mpini ulikuwa wa plastiki. Kamati ikakosa akidi papo hapo.

Vipuri nilivifuata Nairobi, Luthuli Avenue. Kila niliyemwonyesha kapasita iliyovimba alinionea huruma, akanitolea spika ya bluetooth yenye taa za disko. Hatimaye nilipata kapasita mpya, pamoja na waya wa umeme wenye nyuzi tatu. Ule wa zamani ulikuwa na mbili, bila ya kwenda ardhini; kwa mashine za namna hiyo, mwimbaji mwenye gitaa akisogeza mdomo kwenye maikrofoni, stima ndiyo humbusu kwanza.

Zikabaki taa. AC30 hutumia EL84 nne kusukuma spika, na moja ilikuwa imekufa: ile rangi ya fedha iliyo juu ndani ya kioo ilikuwa imegeuka nyeupe pepe, dalili kwamba hewa imeingia. Taa hizi bado zinatengenezwa Slovakia na Urusi, lakini kifurushi cha kutoka huko hakina haraka ya kufika Isiolo. Ndipo nikakumbuka kwamba redio nyingi za majumbani za wakati ule zilitumia EL84 hiyo hiyo, na kwamba mzee jirani, mwanajeshi mstaafu, ana Philips ya mbao ambayo siku hizi kazi yake ni kubeba thermosi.

"Shikamoo, Mzee. Ile redio iliyoharibika..."

"Marahaba. Haijaharibika," akanikata. "Imenyamaza tu. Hakuna habari njema za kutangaza."

Alinipa taa kwa sharti kwamba siku ya majaribio awepo.

Majaribio yalifanyika kwenye mazoezi ya kwaya ninayoipigia gitaa, Jumamosi jioni. Mzee alikuja na kofia yake ya Ijumaa, akaketi mbele kabisa, amesindikiza taa yake. Niliwasha, tukasubiri nyuzi za ndani ziive rangi ya kaa la moto. Nilipopiga, gitaa lilitoka nene na tamu hata mwalimu wa kwaya akasahau kunikaripia kwa kuchelewa. Kisha tukainamisha vichwa kuomba. Katikati ya ukimya, ampu ikakohoa, ikaanza kusoma bei ya mbuzi.

Mzee aliruka kutoka kwenye benchi. "Niliwaambia! Redio yangu ni nzima!"

Nilieleza kwamba EL84 haina hatia. Kwenye waya wa gitaa, ule wavu wa shaba unaozuia mawimbi ulikuwa umekatika karibu na plagi, hivyo waya mzima ukageuka antena. Taa ndogo ya kwanza, ECC83, ikanasa stesheni na nyingine zikaikuza. Kwaya ilinisikiliza kwa heshima, kisha ikamwamini Mzee. Soprano mmoja aliomba tungoje taarifa ya hali ya hewa.

Jumatatu nililehemu ule wavu, mtangazaji akanyamaza. Sasa Mzee anadai nimemharibia redio, na wajumbe wa kamati, ambao wamerejea wote isipokuwa binamu, wameniamuru nimlipe fidia. Tumekubaliana maziwa ya ngamia, lita moja kila Ijumaa.

Ampu inafanya kazi. Imenila kuliko spika tatu za bluetooth, na jirani mwenye kinu cha posho akianza kusaga, stima hupungua na kila wimbo huwa wa kubembeleza. Lakini kila kilichokufa ndani yake kilionekana kwa macho na kilibadilishwa kwa mkono. Kwa hiyo, msomaji, kama nyumbani mna redio kuukuu, usimuuzie mtu wa vyuma chakavu kabla ya kuchungulia nyuma. Ukiona kioo kimeandikwa EL84, nitafute. Ila chomoa plagi kwanza, na bisibisi ya binamu yako ifungie kabatini.