Sifa za Bahasha ya Kaki

Ikifika mwezi wa tatu, steshenari zinazozunguka vyuo vya Tanzania hupanga meza upya. Kalamu na madaftari husogezwa pembeni, na pale mkono wa mteja unapofika kwanza hukaa rundo la bahasha za kaki za A4. Msimu wa kutafuta fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, umeingia. Bahasha moja bei yake haifiki nauli ya daladala. Rangi yake haivutii, gundi yake ina ladha mbaya, na ikinyeshewa tu, imekwisha. Ni aibu basi kwamba kiumbe huyu anayewaingiza vijana maofisini mpaka leo hajapata hata mtu mmoja wa kumpigia vigelegele.

Sifa huanza na ukoo, na ukoo wa bahasha si wa juzi. Yapata miaka 1900 kabla ya Kristo, wafanyabiashara wa Ashuru waliokuwa na kituo chao Kanesh, katika Uturuki ya leo, waliandika barua kwenye vibao vya udongo, wakavivika ganda jingine la udongo na kulipiga muhuri. Aliyetaka kusoma alilazimika kulivunja. Mwaka 1845 Edwin Hill na Warren De la Rue walipata hataza ya mashine ya kukunja bahasha huko Uingereza, na mwaka 1851 mashine ya De la Rue ilikuwa kivutio katika Maonyesho Makuu ya London. Naye Mjerumani Carl Dahl, mwaka 1879, aligundua namna ya kupika vipande vya mbao kwa kemikali ikatoka karatasi ngumu ya kahawia. Karatasi ya jamii hiyo hutengenezwa pia Mgololo, wilayani Mufindi, jirani na shamba la miti la Sao Hill. Kwa hiyo bahasha inayobanwa kwapani ndani ya mwendokasi ina nasaba ndefu kuliko abiria wote waliosimama nayo.

Vipimo vyake navyo ni vya kiungwana: milimita 229 kwa 324, wakati karatasi ya A4 ni 210 kwa 297. Nafasi hiyo ndogo inayobaki ndiyo inayoiwezesha barua kulala bila kukunjwa na kufika mezani kwa Afisa Utumishi ikiwa imenyooka.

Ndani hamna siri. Kuna barua ya utambulisho kutoka chuoni, yenye muhuri na tarehe za kuanza na kumaliza mafunzo. Kuna barua ya maombi, wasifu wa ukurasa mmoja au miwili, na nakala ya kitambulisho. Kwenye barua ya maombi ndipo ustahimilivu wa bahasha unapoonekana, maana hubeba chochote. Hubeba ile inayoanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", ikatembea aya tatu bila kusema mwombaji anasomea nini, ikamalizikia kwenye ujenzi wa taifa, huku jina la taasisi iliyoombwa jana likiwa bado limekaa mstari wa nne. Hubeba pia ile ya mwanafunzi wa mipango miji aliyeandika, chini ya YAH, kwamba yuko mwaka wa pili, anaomba wiki nane kuanzia Julai, angependa kukaa kitengo cha ardhi, anaweza kuchora ramani kwa QGIS, na simu yake ni hii hapa. Ya pili ni fupi kuliko ya kwanza. Bahasha hazichagui, kuchagua ni kazi ya Afisa Utumishi, na hakawii.

Fadhila yake kubwa kuliko zote ni kwamba haina miguu. Barua pepe hujipeleka yenyewe, lakini bahasha lazima ibebwe, na aliyeibeba lazima aonekane. Wa kwanza kumwona ni mlinzi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Una miadi?"

"Sina, nimeleta maombi ya fildi."

"Mwaka jana walichukua wahasibu watatu, wa kompyuta walimkosa kabisa. We unasomea nini?"

Taarifa hiyo haimo kwenye tovuti yoyote. Imetolewa bure na mzee aliyekaa na daftari la wageni mapajani, naye ameitoa kwa sababu amesalimiwa vizuri na mtu mwenye bahasha mkononi.

Katika ofisi ya umma safari inaendelea masjala. Barua hugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, husajiliwa, hutiwa kwenye jalada, kisha jalada hupanda kwa mkurugenzi na kushuka kwa Afisa Utumishi likiwa na maelekezo ya mstari mmoja. Mwanafunzi mjanja huwa na nakala ya pili ya barua yake, akaomba nayo igongwe muhuri. Akirudi baada ya wiki mbili haulizi "vipi ile barua yangu?" Anaonyesha nakala, anataja tarehe, na mhudumu wa masjala ambaye asubuhi nzima amesikia lile swali la kwanza anainuka kitini kwenda kulitafuta jalada.

Wanaoidharau bahasha mara nyingi waliipeleka kusikofaa. Wanafunzi wa Dar es Salaam hujazana Posta, Upanga na Masaki, kwenye benki zilezile, kampuni za simu zilezile na mashirika ya kimataifa yaleyale. Tanzania Bara ina halmashauri 184, na ndani yake kuna wahasibu, wanasheria, maofisa ugavi, kilimo, ardhi na maendeleo ya jamii wenye kazi nyingi kuliko mikono. Bahasha ya kaki huingia Nachingwea au Kakonko bila woga. Mwanafunzi wa sheria akikaa wiki nane kwenye ofisi ya mwanasheria wa halmashauri anaweza kuona mgogoro wa ardhi tangu malalamiko ya kwanza, wakati mwenzake aliyeng'ang'ania ghorofa la vioo anahitimu ubingwa wa mashine ya kutolea nakala. (Mashine hiyo nayo inastahili sifa zake, lakini siku nyingine.)

Halafu kuna suala la tumbo. Fildi nyingi hazilipi. Wanufaika wa Bodi ya Mikopo hupata fungu la mafunzo kwa vitendo, wasio na mkopo hujitegemea, na bumu, yaani fedha hizo za mkopo, linaweza kuchelewa. Hapo wilaya yenye shangazi mwenye chumba cha ziada inaishinda Masaki kwa mbali. Hesabu hiyo ifanywe kabla bahasha haijaandikwa anwani.

Wapinzani husema zama zake zimepita. Ni kweli kwamba kampuni kubwa kadhaa hupokea maombi mtandaoni tu, na mwenye kaki hurudishwa getini. Kenya, ambako fildi huitwa atachi, ipo Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, inayohusika na nafasi hizo, na ofisi nyingi hudai bima ya ajali juu ya barua ya chuo. Lakini hata mtandaoni adabu ya bahasha bado inahitajika: kila kitu kwenye faili moja la PDF lenye jina la mwombaji. Wanaotuma picha sita za simu zilizopigwa juu ya kitanda, pindo la blanketi likionekana chini ya cheti cha kidato cha sita, hawajawahi kulelewa na kaki.

Kuna doa moja ambalo msifuji mwaminifu hawezi kuliruka. Baadhi ya bahasha zina kimemo ndani. Kikaratasi hicho cha mjomba mkubwa hakipangi foleni masjala. Hupanda ngazi moja kwa moja, na kaki hukificha vizuri sawasawa na inavyoficha alama za juu za mtoto wa mkulima. Asiye na mjomba ana njia moja halali iliyo karibu na hiyo: kuwauliza wa mwaka wa tatu walifanyia wapi fildi, nani aliwasimamia, na kama mtu huyo bado yupo. Msimamizi aliyeridhika na mwanafunzi wa mwaka jana huwa mwepesi kumpokea wa mwaka huu kutoka darasa lilelile, na barua inayotaja kitengo chake kwa jina huonekana imeandikwa na mtu anayejua anakokwenda.

Wiki nane zikiisha, kaki hurudi kazini. Msimamizi hujaza fomu ya tathmini, huitia kwenye bahasha, huibandika na kugonga muhuri juu ya maungio ya mfuniko, kisha humkabidhi mwanafunzi mwenyewe aipeleke chuoni. Anabeba alama zake kwa saa kadhaa za basi bila kuruhusiwa kuzisoma. Wapo wanaoiinua dirishani kwenye mwanga wa jua, wakaizungusha na kuibonyeza, na karatasi ya Carl Dahl haiwaonyeshi hata herufi moja.